Maji Niliyompa Baba

Baba yangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na bado alizikwa na watu waliomwita Mlevi. Walimwita hivyo kwa mapenzi, sikatai. Jina kamili lilikuwa Mlevi wa Maji, kisha likafupishwa, na kila aliyelitamka aliamini anajua lilikotoka. Walijua nusu yake. Nusu ya pili ilikuwa yangu, na kwa miaka kumi na moja nilijiambia kwamba Jumapili ijayo nitakaa na baba, niitoe, nimwombe msamaha.

Jumapili zimeisha. Basi nitaisimulia hapa bila kujipamba, maana kujipamba ndiko kulikonifikisha nilipo.

Baba alikuwa mchoma mikate. Si mwenye kiwanda cha mikate. Huyo alikuwa mtu mwingine, tuliyemwita tajiri, aliyefika kazini saa mbili asubuhi akinukia sabuni. Baba alifika saa kumi na moja alfajiri kuwasha kuni. Tanuri lilikuwa la matofali, na mlango wake wa chuma haukuzidi upana wa beseni la kufulia. Mbele ya mlango ule sakafu ilikuwa imechimbika kwa nyayo, kwa sababu mchomaji husimama mahali pamoja mwaka nenda mwaka rudi. Baba alisimama hapo miaka ishirini na minane, ameshika koleo la mbao lenye mpini mrefu kuliko yeye, akiingiza trei na kutoa trei, jasho likimtiririka mpaka visiginoni. Fulana yake ikikauka ilibaki na michirizi myeupe mgongoni. Mama alikuwa akiikung'uta kabla ya kuifua, akisema kuna siku atakosa chumvi dukani na ataungia mchuzi fulana hiyo.

Kazini alikuwa na mwenzake wa kukanda unga, mtu mfupi mwenye mashavu, ambaye kila mtu alimwita Hamira kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kufura. Hamira alikanda, baba akachoma. Lakini chumvi ya kinyunya, ule unga uliokandwa, aliipima baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wa tanuri, na aliipima kwa kiganja. Viganja vitatu kwa kila mzigo wa unga. Akishamwaga cha tatu, ile chumvi iliyobaki imenata mkononi kwa jasho aliilamba, halafu akanywa kikombe cha maji. Mkate wa kwanza ukitoka alikata kipande cha pembeni, akakila akiwa amesimama, moto vilevile. Hamira naye alifanya hivyohivyo, na waliokuwapo kabla yao walifanya hivyohivyo. Ukiwauliza kwa nini, walikuwa wanakutazama tu. Ilikuwa desturi ya tanuri, na hakuna aliyehitaji kuieleza.

Mimi nilihitaji kuelezwa kila kitu siku hizo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha mafunzo ya huduma ya kwanza, wiki tatu nzima. Cheti nilikitia kwenye fremu ya kioo nikakitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi ya wazazi wangu. Hilo la "juu kidogo" linatosha kuwaambia nilikuwa mtu wa namna gani. Baba akaanza kuniita Daktari. Alikuwa ananitania, lakini wageni wakija alinitambulisha hivyo kwa sauti isiyo na utani hata chembe.

Mwaka huohuo mama alipimwa akakutwa na presha. Akarudi kutoka kliniki na dawa, na karatasi moja ya kukunjwa: apunguze chumvi, aache vyakula vyenye chumvi nyingi vikiwamo vya madukani, anywe maji ya kutosha. Nikaichukua karatasi ile nikaibandika jikoni, kisha nikachukua kopo la chumvi nikampa jirani. Sikumwomba mama ruhusa. Miezi miwili baadaye presha yake ilikuwa imeshuka vizuri na kliniki wakampongeza. Hapo nilikuwa sahihi, na nalisema kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu ndipo kichwa kilipoanza kunivimba.

Tulikuwa mezani. Mama alikuwa anakula maharage yake kama mtu anayemeza vidonge.

"Baba," nikasema, "na wewe unaacha chumvi."

"Mimi presha sina."

"Tungoje mpaka uanguke ndipo tuanze?"

"Nilipimwa mwaka juzi, mwanangu. Yule bwana alisema moyo wangu wa kijana."

"Mwaka juzi si leo. Na jikoni hatupiki vyungu viwili."

Akamtazama mama. Mama aliendelea na maharage yake.

"Basi sawa," baba akasema. "Haifai mke wangu ale chakula cha wagonjwa peke yake."

Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya mama, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyekuwa akishona nguo ameketi kivulini. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya moto kwa saa tisa kila siku. Jambo hilo angeliona mtoto wa darasa la tatu, lakini mtoto wa darasa la tatu hana cheti.

Siku moja nikampelekea baba funguo alizosahau nyumbani, nikamkuta analamba kiganja. Nilimgombeza palepale, mbele ya Hamira na wafungaji mikate. Nikamwambia ananidanganya, nyumbani anajifanya ameacha na huku anajilamba kama mbuzi. Ndiyo, nilitumia neno hilo kwa baba yangu. Wafungaji mikate wakainamisha vichwa.

Baba akaenda kwenye ndoo akanawa mkono.

"Fundi," Hamira akasema, "umepigwa marufuku kazini kwako mwenyewe?"

"Huyu ndiye aliyesoma," baba akajibu. "Mimi nimekaa na moto tu."

Tangu siku hiyo akishapima chumvi ananawa. Kipande cha mkate wa kwanza nacho nilikikataza, kwa sababu mkate una chumvi na karatasi ilisema vyakula vya madukani. Nikawa namfungia viazi vya kuchemsha, vyeupe, visivyo na kitu. Kisha, ili mambo yakamilike, nikamtafutia kidumu cha lita tano na rangi nyekundu ya kucha, nikachora mistari minne: saa moja, saa tatu, saa tano, saa saba. Nikamwambia saa ikifika, maji yawe yameshuka mpaka kwenye mstari, awe na kiu asiwe na kiu. Alikibeba kidumu kile kila alfajiri na kukirudisha kitupu. Alinionyesha, akakigeuza juu chini ili nione hakuna tone.

Haukupita muda misuli ya miguu ikaanza kumkaza. Alikuwa anaamka usiku anajikunja kitandani, mama anamsugua. Baadaye kikaja kichwa cha kuuma kila mchana, na kichefuchefu. Pete ya ndoa ikawa haitoki, vidole vimejaa. Kila aliponiambia nilikuwa na jibu moja.

"Maji hayakutoshi, baba. Unatoka jasho sana."

Nikamwongezea kidumu cha pili, nacho nikakichorea mistari.

Hamira aliniambia baadaye sana kwamba alimsihi. "Nilimwambia, Fundi, lamba kidogo, nani atamwambia binti? Akasema atakuambia mwenyewe, maana ukimwuliza hawezi kukudanganya." Hamira alisema hivyo akidhani ananifariji.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya msimu wa joto. Mvua ilikuwa imegoma, na hata paka walikuwa wanalala sakafuni wamejinyoosha. Kiwanda kilipata kazi ya ziada, wakachoma mizigo miwili zaidi ya kawaida bila kupumzika. Baba alimaliza vidumu vyote viwili kabla ya saa saba, kama alivyoagizwa, akaongeza maji ya ndoo kwa sababu mdomo ulikuwa bado unamkauka.

Saa saba na nusu akaunguza mikate. Trei sita, nyeusi tititi. Katika miaka ishirini na minane hakuwahi kuunguza hata trei moja, na tajiri alipokuja kuangalia moshi alimkuta anacheka. Alikuwa ameshika koleo upande usio wake. Alimwita Hamira kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Alitaka kutembea, miguu ikaenda kushoto na yeye akitaka kulia. Tajiri alikuwa na sheria moja tu kubwa, kwamba mlevi hasogelei moto, na hakungoja maelezo. Akanipigia simu nije nimwondoe mzee wangu kabla hajaingia tanurini.

Mama alikuwa kliniki. Nikaenda peke yangu.

Nilimkuta baba ameketi juu ya gunia la unga, ametapika kwenye viatu vyake. Nikainama kumshika na harufu ikanipiga: ile harufu kali ya kinyunya kilichoumuka, inayokaribia harufu ya pombe. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mchoma mikate anaijua harufu hiyo kuliko anavyojua harufu ya mama yake. Nililala nayo utotoni, nilibebwa mgongoni nayo. Nguo za baba zilinuka hivyo kila siku ya maisha yangu. Siku ile, kwa sababu tajiri alishanitia neno masikioni, nikaamini ni pombe.

"Binti," Hamira akasema, "baba yako hajatoka hapa tangu alfajiri. Pombe angeitoa wapi?"

Nikamwambia asinifunike macho, walevi wote wana marafiki wa kuwatetea. Hamira akafura, akarudi kwenye unga wake.

Tulitembea kwa miguu, si mbali, lakini barabara ilikuwa na watu. Baba alikuwa ameniegemea. Nilimsema njia nzima, kwa sauti ya kubana meno ambayo kila mtu huisikia vizuri zaidi kuliko kelele. Nikamwambia ametuaibisha. Nikamwambia mama mgonjwa, na yeye anatafuta starehe. Alikuwa anajibu kitu kimoja tu, ulimi mzito.

"Kichwa, mwanangu. Kichwa."

Kufika nyumbani nikamkalisha uani kwenye kigoda. Nilikuwa nimesikia kwamba mlevi hupewa maji mengi pombe ipungue nguvu. Nikaleta kikombe kikubwa cha plastiki na ndoo ya maji ya kunywa, nikasimama mbele yake kama askari.

"Kunywa."

Akanywa.

"Tena."

Akanywa cha pili, cha tatu. Cha nne akakishika mkononi akawa anakitazama.

"Nimejaa," akasema. "Nipe chumvi kidogo, mwanangu."

Nilidhani ni maneno ya ulevi. Nikamwambia chumvi haimo ndani ya nyumba hii na anajua kwa nini. Nikamshika mkono ulioshika kikombe, nikausogeza mdomoni. Akanywa. Alikunywa vikombe sita, kwa sababu mimi nilimwambia, na alikuwa ameshazoea kunitii katika mambo ya maji. Cha saba kilimponyoka. Nikakasirika kwamba amemwaga maji, nikainama kukiokota, na nilipoinuka macho yake yalikuwa yamegeuka. Akaanguka kwenye saruji anatetemeka mwili mzima.

Jirani mwenye gari ndiye aliyetupeleka hospitali. Daktari wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza mgonjwa ana kifafa? Nikasema hapana. Amekunywa nini leo? Nikasema pombe. Niliapa kabisa. Kwa hiyo wakamshughulikia kwanza kama mlevi, na sijui dakika ngapi zilipotea hapo. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

Majibu ya damu yakaja. Daktari akanikalisha kwenye benchi.

"Pombe hana kabisa. Damu yake imezidiwa na maji. Chumvi ya mwilini imeshuka mno."

Nikamwambia chumvi tuliiacha nyumbani, kwa ajili ya presha.

"Ya nani?"

"Ya mama."

Akaniuliza baba anafanya kazi gani, nikamwambia. Alifumba macho kidogo, kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Jasho halitoi maji matupu, alisema, linatoka na chumvi. Mtu wa kazi ya moto akipoteza vyote viwili kisha akarudisha maji peke yake, damu inachujuka, na maji yanaanza kuingia mahali pasipo pake, hata kichwani. Anaumwa kichwa, anatapika, anayumba, anaongea ovyo, na watu humdhania mlevi. Wa kukaa kivulini na mwenye presha apunguze chumvi, ndiyo. Wa tanurini naye anywe maji, tena mengi, lakini anywe kwa kadiri ya kiu yake na ale chakula chenye chumvi yake ya kawaida. Yule mama yako na huyu baba yako, akasema, ni miili miwili.

Wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi, taratibu, tone kwa tone, kwa sababu chumvi nayo ikirudishwa kwa pupa inadhuru.

Siku ya tatu baba alikuwa anaongea vizuri. Daktari akaja na faili lake, mama ameketi upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine.

"Mzee, maji yale yote, nani alikuambia unywe kiasi hicho?"

Nilitazama shuka.

"Mwenyewe," baba akasema. "Ubishi wangu. Binti yangu alinichorea mistari nisivuke, mimi nikawa navuka."

"Hata baada ya kurudi nyumbani ulikunywa?"

"Hata nyumbani. Alinikataza, nikampokonya kikombe."

Daktari akatikisa kichwa akaandika. "Ungemsikiliza binti yako," akasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Maneno yalikuwa mafupi: si kweli, ni mimi. Mama alikuwa ananitazama, daktari alikuwa na kalamu mkononi, na baba alikuwa anatazama dirishani kama mtu asiye na haraka. Nikanyoosha shuka. Daktari akafunga faili, akaenda kitanda cha pili.

Alipona, lakini tanuri lilimwisha. Tajiri alipoletewa barua ya hospitali alikuja mwenyewe nyumbani kuomba radhi kwa kumwita mlevi, akaleta matunda. Lakini akasema mtu aliyewahi kuanguka na kutetemeka hawezi kumweka mbele ya moto tena, ataogopa kila siku. Akampa kazi dukani mbele, kufunga mikate kwenye karatasi na kuwapa wateja. Baba akashukuru. Kwa miaka tisa alifunga mikate iliyochomwa na mtu mwingine, na kila mkate aliugeuza kwanza akautazama chini. Wakati mwingine aliugonga kwa kidole, akasikiliza, kisha akaufunga. Nilimwona akifanya hivyo siku nilizopita dukani, nikawa nanunua haraka na kuondoka.

Hadithi ikaenea, ile nusu ya baba. Mzee mbishi aliyepewa mipaka ya maji na binti yake mwenye cheti, akaivunja, akalewa maji mpaka akacheka mbele ya mikate iliyoungua. Ilikuwa hadithi nzuri. Baba mwenyewe aliisimulia, akiigiza alivyoshika koleo kinyume, na wageni walikuwa wanavunjika mbavu. Mama aliisimulia vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nacheka nao. Katika hadithi ile nilikuwa mtu mwenye busara, na nitasema ukweli wote: kuna siku niliipenda.

Nikaolewa, nikahamia upande wa pili wa mji. Cheti nilikiteremsha ukutani siku niliyohama, nikakitia chini ya sanduku. Nikapata kazi ya mapokezi katika shule moja, kazi isiyonitaka nimwambie mtu ale nini. Jumapili nilikuwa nakwenda kuwaona wazazi, na njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa nayo yote. Nikifika mlangoni na kumwona baba anatabasamu, yananitoka moja baada ya jingine. Mara moja nilianza kabisa. Nikasema, "Baba, siku ile..." Akaweka kikombe chake cha chai chini, akanigeukia. Nami nikasema siku ile uliyonipeleka shule mara ya kwanza, nilivaa viatu gani? Akafikiri kidogo, akanitajia viatu.

Mwaka jana akashikwa na homa ya mapafu. Ilikwenda upesi. Nilipigiwa simu Alhamisi, nikafika jioni yake, na alikuwa ameshaacha kuongea. Nilimshika mkono wa kulia, ule aliokuwa akipimia chumvi. Nikasema maneno yote, moja kwa moja, sikioni mwake, pamoja na kikombe na njia nzima niliyomsema. Sijui kama yalifika. Muuguzi aliniambia wagonjwa husikia, lakini wauguzi hutuambia hivyo sote. Alfajiri ya Jumamosi akafariki.

Baada ya maziko watu walikaa uani. Hamira, ambaye mashavu yake sasa yameanguka, akaombwa asimulie habari za marehemu, na bila shaka akasimulia ile ya Mlevi. Aliisimulia huku analia. Watu wakacheka, wakajifuta macho, wakacheka tena, na mmoja akanigusa bega akasema, laiti angekusikiliza wewe. Nikainuka nikaingia ndani.

Mama alikuwa chumbani anakunja nguo za baba. Nikafunga mlango nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni, nikamwambia. Nilianza na mistari ya rangi ya kucha, nikamaliza na kikombe cha saba. Nikamwambia mlevi hakuwa baba, na mbishi hakuwa baba. Mama hakuacha kukunja. Alikunja shati, akalisawazisha kola kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Yote. Aliniambia wiki ileile aliyotoka hospitali. Alikuwa anakumbuka mpaka kikombe."

"Na hukuniuliza?"

"Alinikataza. Alisema, mtoto amejiumiza vya kutosha, usimguse hapo. Atasema mwenyewe siku akiwa tayari. Akaniambia hadithi niisimulie vile anavyoisimulia yeye, basi nikawa naisimulia."

Mama akachukua suruali akaikunja katikati.

"Wewe unadhani kwa nini kila ukija alikuwa ananituma dukani?" akauliza. "Sukari imejaa, majani ya chai yamejaa, lakini ukishakaa tu ananiambia mke wangu, hebu nenda kaniletee kiberiti. Nilikuwa nakaa pale kwa mwenye duka mpaka nachoka kukaa. Nikirudi namtazama usoni, ananitikisia kichwa kidogo, kwamba bado."

Nilizikumbuka dakika zile. Zilikuwa nyingi, miaka kumi na moja ya Jumapili. Nilikuwa nikizijaza habari za watoto, za mwenye nyumba wangu, za mwalimu mkuu na ugomvi wake na wazazi, na baba alikuwa amenigeukia, anasikiliza zote mpaka tusikie mama anafungua mlango.